Maneno Meupe Chini ya Viazi

Nitawaambia, lakini mkicheka sana naacha katikati, kwa sababu kuna watu Molo ambao hadi leo wakiniona sokoni wanaanza kukohoa, na mimi najua vizuri kikohozi hicho ni cha nini.

Ilikuwa elfu mbili na saba, nimemaliza kozi ya kompyuta na kuajiriwa kwenye saiba moja, duka la kulipia intaneti, pale Nakuru mjini, kazi yangu kuhesabu dakika na kuwaonyesha watu kitufe cha kuwashia (mtu yule yule, kila siku). Wateja wakipungua nilikuwa najitengenezea tovuti ndogo ndogo, moja ya sungura, moja ya vipuri vya cherehani, na si kwamba kuna mtu aliniomba, nilitaka tu kujua. Kulikuwa na swali limenikaa kichwani: ule mtambo wa kutafutia kwenye intaneti, ukiuandikia neno, unajuaje nani amtaje kwanza na nani amtupe ukurasa wa saba ambako hakuna mtu hufika? Nikaanza kuuchunguza. Naandika "sungura" mara tatu, nangoja siku kadhaa, natazama. Naandika mara thelathini, nangoja, natazama. Tovuti ikapanda! Haki niliruka kutoka kwa kiti mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa, mama yangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima viazi kule Molo. Mwaka huo stoo yao ilijaa mpaka mlangoni, na broka mwenye lori alikuwa anawatajia bei ya matusi, kwa hivyo nikamwambia mama, kwa mdomo wangu huu, "Mwambieni aende. Mimi nitaviweka kwenye intaneti na wanunuzi watakuja wenyewe."

Mama akauliza, "Ruth, una uhakika? Viazi havingoji kompyuta."

Nikasema nina uhakika. Akasimama mbele ya wenzake akanitetea, broka akaambiwa hapana, akaondoka na lori tupu akicheka.

Tovuti ikawa tayari: picha ya magunia, picha ya mama ameshika kiazi kikubwa kama mtoto mchanga, na fomu ya kujaza jina, barua pepe na unachotafuta. Wiki ya kwanza aliingia mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukiandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, binadamu hayaoni lakini mtambo unayasoma yote. Nikawaza, watu wengi wakiingia kwangu, mtambo utanipenda, na ukinipenda utanipandisha hata kwa mtu anayetafuta viazi. Maneno gani basi? Pale saiba, ukibonyeza tu kile kisanduku cha kutafutia, kompyuta inakuteremshia yote waliyoandika wateja, na mimi nilikuwa na daftari (msinitazame hivyo, sikuandika jina la mtu). Niliona mambo ambayo watu hawawezi kumwuliza hata daktari, mengi yakiwa kwa Kiswahili, na kurasa za Kiswahili wakati ule zilikuwa chache mno, ukiandika chochote uko mbele. Nikayamwaga yote chini ya viazi, meupe pe.

Wiki mbili baadaye, fomu kumi na moja! Kasoro ilikuwa moja tu: fomu niliiunga vibaya, ikawa inaniletea jina na barua pepe, lakini ile sehemu ya "unachotafuta" inapotelea njiani. Mtu mwenye akili angeirekebisha kwanza. Mimi nikajiambia, nani atajaza fomu ya viazi kama hataki viazi? Nikawajibu wote jibu moja: "Tumepata ombi lako. Karibu Molo Alhamisi saa nne asubuhi, stoo ya kikundi, ujionee mwenyewe."

Ujionee mwenyewe! Woi.

Alhamisi hiyo akina mama walivaa vitambaa vya kanisani, wakachemsha chai na sufuria kubwa ya viazi ili wanunuzi waonje, na baba naye akaja na koti lake la Jumapili. Viazi vilikuwa vimeanza kuchipua, kwa hivyo yale magunia yenye dalili tuliyasukuma nyuma. Wa kwanza kufika alikuwa msichana mwenye bahasha, akamwuliza mama kwa sauti ya chini, "Mathe, ofisa wa fomu za kwenda Amerika ni yupi?" Mama akadhani amepotea, akampa chai. Wa pili alikuwa kijana aliyevuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaenda kuketi pembeni bila salamu. Halafu ikaja pikapu, wakashuka wazee watatu wenye suti, mama mmoja mwenye kilemba na kijana wa tai, wakateremsha kreti ya soda, mikate na sukari. Wanunuzi wanaokuja na zawadi! Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Wakala, wakanywa. Mzee mmoja mnene alikula viazi vitano nikimhesabu. Mama akasimama, "Wageni wetu, mngependa magunia mangapi?"

Yule mnene akapangusa mdomo. "Mama, asante kwa mapokezi. Kijana wetu aliwaandikia kwamba anatafuta mchumba, mkamwambia aje ajionee. Sisi tumekuja kumwona msichana."

"Msichana gani?"

Akina mama wote wakageuka, maana upande wetu ambaye hajaolewa alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshika daftari. Kijana akanyoosha tai.

"Mzee, hapa ni viazi tu," mama akasema.

"Mama, sisi si wajinga." Akatoa karatasi aliyochapisha saiba, ule ukurasa wa majibu ya mtambo, akavaa miwani na kusoma kama anayesoma matangazo ya kanisa. "'Viazi vya Molo. Natafuta mchumba mwaminifu Nakuru. Fomu za kwenda Amerika.'" Msichana wa bahasha akasimama. "'Dawa ya chunusi usoni.'" Kofia pembeni ikashuka zaidi. "'Dawa ya mume anayekoroma.'" Mama mmoja (simtaji) akapaliwa na chai. "'Jinsi ya kuficha mvi.'" Baba, ambaye nywele zake zilikuwa nyeusi ajabu tangu Pasaka, akavaa kofia yake polepole.

Kumbe mtambo ukisoma maneno meupe, unawaonyesha watu kwa wino mweusi! Hilo sikuwa nimelichunguza.

"Ruth," mama akasema, basi.

Nikaeleza yote mbele ya watu. Mama mmoja akauliza, kwa kutaka kujua kweli, "Yaani mtu akitafuta mchumba anaonyeshwa viazi vyetu?"

"Ndiyo."

"Na akitafuta viazi?"

Nikatazama chini. "Tuko ukurasa wa nne."

Mama akaketi juu ya gunia, na nikaona chipukizi zimepenya kwenye matundu karibu na mkono wake. Alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili yangu. Nililia, sitawadanganya.

Yule mzee mnene akauliza, "Lakini hivi viazi vyenyewe, mnauza?" Kumbe ana hoteli Mai Mahiu, madereva wa malori wanakula chipsi kwake kutwa nzima, na viazi anavyoletewa vinakuwa rojorojo vikipikwa. Akachungulia magunia ya nyuma, akasema chipukizi si neno, chipsi zake hukaangwa siku hiyo hiyo. Jumamosi lori lake lilibeba stoo yote.

Njiani kurudi nyumbani mama alisema kitu kimoja tu: "Neno ambalo huwezi kulisoma mbele ya baba yako, usiliandike chini ya viazi vyangu."

Nikayafuta yote siku iliyofuata. Haikupita wiki, mtambo ukatufuta na sisi, hata ukiandika jina la kikundi kama lilivyo hutuoni popote, na mpaka leo najiuliza ulijuaje. Tangu siku hiyo sijaandika kitu kwa rangi nyeupe, na sitaandika. Viazi havina shida, yule mzee humpigia mama simu kila msimu, anaagiza magunia yake, anauliza habari za mvua, halafu kabla hajakata anasema, "Na yule msichana wa kompyuta, bado yuko?"

Mama huniangalia, ananyoosha simu ili nisikie.