Wachochea Moto wa Stima Wako Mibunini

Nilikuwa gatini Bukoba, nangoja kupakia ndizi zangu, karani wa stima alipomwambia mama mmoja wa Muleba kuwa hakuna safari ya Mwanza.

"Waitu, bwana wangu, mume wangu amelazwa huko! Wamesema nisichelewe."

"Stima nzima, mama, na makaa tele. Wachochea moto ndio wametoroka. Wanachuma kahawa za watu. Huko wanashiba, na hawaungui."

Mama alianza kuwalaani, mara akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mmoja yuko kwangu," akasema polepole. "Mikono yake ina makovu ya moto. Mume alipougua, nilitafuta wa kuchuma."

"Atarudi kazini?"

"Arudi kufanya nini? Kwangu anakula mara mbili."

Wenye stima husema vijana wa sasa ni wavivu. Mvivu gani huyo anayeshinda juani kwenye mibuni? Wamechoka kuokwa kwa ujira wa kitoto, basi.

Mama alijitwika furushi lake, akarudi Muleba kumsihi mchumaji wake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mtu mmoja haendeshi stima.