Ubeti Uliohamishiwa Asia

Jumanne nilikuwa nikingoja zamu ya kuchapisha barua katika duka la intaneti la Edgware Road, London, alipoingia bibi wa Kipemba, mshairi wa harusi zetu, akasimama mbele ya mwenye duka.

"Mwanangu, shairi langu limo katika tovuti yako. Ubeti wa mwisho, wenye jina langu, umeukata."

"Haukutosha nafasi, bi mkubwa." Hakuinua macho. "Na tovuti haipo London tena. Hapa kampuni inayohifadhi tovuti iliifunga kwa barua yako moja. Nikaihamishia Singapore, kampuni ya huko ikakutaka tamko la maandishi, ukaliandika, ikaifunga. Sasa ipo nchi nyingine ya Asia, ambako barua hazijibiwi. Huko sheria yako haifiki."

Bibi alikunja karatasi yake ya shairi mara mbili, kwa utaratibu.

"Na harusi ya binti yako, Jumamosi, ipo nchi gani?"

"Hapa hapa London, bi mkubwa. Wewe ndiye msomaji wetu."

"Nitasoma. Katika ubeti wa mwisho nitakutaja wewe, na nitawaeleza wanawake wote ulichoufanyia wangu."

Mwenye duka aliacha kipanya. Kisha akavuta kibodi, akamwomba amsomee ubeti polepole.

Watungao sheria za hakimiliki, kila nchi na yake, hawakuwahi kuulizia ukumbi wa harusi. Barua yangu ilipotoka kwenye printa, ubeti ulikuwa umerudi na jina lake. Bibi alikuwa bado amesimama pale, akimwamuru aondoe mkato mmoja.