Jiwe la Kunolea la Papa Edmond

Ukimtafuta Papa Edmond pale kijijini Ntoto, usianzie nyumbani kwake. Nenda kwenye mwamba ulio kando ya njia ya mashamba. Utamkuta amechuchumaa, ndoo ya maji pembeni, panga la mtu mikononi. Kunoa kwa miaka na miaka kumechimba shimo refu jembamba kwenye jiwe, laini kama kiganja. Mkewe, Mama Kavugho, husema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni jiwe.

Wala si uongo sana. Edmond alilipenda jiwe lile, na alilijua. Ni mchanga mtupu, mchanga wa mto wa kale uliolala tabaka juu ya tabaka kama mikeka, ukakandamizwa hata ukashikana. Upande mmoja chembe zake zimegandishwa na udongo na kutu ya chuma, ndiyo maana ni mwekundu, na ukiusugua kwa kidole unakuachia vumbi. Upande wa Edmond ni wa kijivu. Huko chembe za kwatzi, zile ngumu zinazometameta, zimegandishwa na kwatzi yenyewe, na ndizo zinazokula chuma.

Mwaka huu Wakristo wa kijiji waliamua kujenga kanisa jipya juu ya msingi wa mawe. Kwa matope ya barabara ile, lori la mawe lingefika lini? Basi fundi wao, Jean-de-Dieu, akaja mwambani na waumini wenye nyundo na tindo. Wakaanza upande mwekundu, maana ulikatika upesi. Edmond angenyamaza tu, jiwe lake lingepona. Akanyamaza asubuhi nzima, roho ikimsuta.

"Papa Edmond," fundi akauliza, "hii jiwe iko muzuri?"

Edmond akatazama ndoo yake. "Hapana, kaka. Hii inakunywaka maji, kisha inamomonyoka. Ya muzuri njo hii yangu," akasema, akionyesha upande wa kijivu.

Wakahamia kwake. Jiwe la kijivu halikuwa na mzaha: tindo zilikuwa butu kila mara, na kila mara zililetwa kwa Edmond azinoe. Akazinoa vizuri, maana kunoa vibaya hakujui. Mama Kavugho, aliyewaletea maharage na muhogo, akashika kiuno.

"Weye Edmond! Unanoa kisu ya kukuchinja?"

"Kanisa ni ya Mungu, mama," akajibu, akachukua tindo nyingine.

Siku kwa siku mwamba ukapungua, hata likabaki pande moja tu, lile lenye shimo, na msingi ulikuwa bado na pengo kwenye kona. Jean-de-Dieu akaweka tindo juu ya jiwe, akainua nyundo. Kisha akaishusha.

"Tukikata hii, kesho tutanolea wapi?" akawauliza wenzake. "Mutafute jiwe ya kona kwa mto."

Edmond akainama juu ya panga lililokwisha kunolewa, akalinoa tena. Mkewe alipomwona akijifuta macho, Edmond akamwambia ni mchanga wa jiwe umemwingia. Ndiyo siku pekee aliyowahi kulisingizia jiwe lake.