Kiini cha Zamani

Fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu hafungui laptopu ya mtu kabla hajaiwekea kiganja juu, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha huiwasha na kusoma kwa kunong'ona kila mstari unaopita kwenye kioo, kidole kikiufuata, mpaka pale maandishi yanapoganda. Leo kaja mkunga mstaafu, kanywea. Jana mashine ilimwomba apokee kiini kipya cha mfumo, ile programu ya ndani inayoiwasha na kuiendesha, akakubali, na tangu hapo haimalizi kuwaka.

"Nimeiua, mwanangu. Watoto wote niliowazalisha, majina yao yamo humo."

"Haijafa, mama. Imeshtuka tu." Akabonyeza, orodha ikatokea: kiini kipya juu, cha zamani chini yake. "Hiki cha zamani huwa sikifuti kwenye mashine ya mtu."

Akakichagua hicho cha zamani; kilibaki kitufe kimoja cha kuiwasha. Akaondoa mikono, akamsogezea laptopu. "Bonyeza wewe."

"Nitaiharibu tena!"

"Bonyeza, mama. Nipo hapa."

Akabonyeza huku kafumba macho. Mashine ikawaka, naye akaanza kuyasoma majina moja moja, mengine akiyachekea. Fundi akainama chini ya meza kutafuta bisibisi ambayo bado alikuwa ameipachika nyuma ya sikio, akakaa huko muda mrefu.