Masika Anafumua Usiku

Mama alinituma mjini Beni nikamrudishe dada yangu mkubwa, Masika. Maneno yalikuwa yamefika kwetu Butembo kwamba anasinzia mchana kweupe mbele ya wateja, na usiku taa yake haizimi. Mama hakutaka mtoto wake awe kichekesho ugenini. Kusema kweli, mimi pia niliona ana haki.

Saa moja asubuhi nilipanda pikipiki nikiwa na koti zito. Kijiji cha Maboya mimi na dereva tulikipita kukiwa bado na ukungu. Tulipofika Kabasha nikavua koti. Kwenye vizuizi vya askari tulishuka, tukatembea, tukapanda tena. Njia nzima nilipanga maneno ya kumshinda Masika, na nilijiona hodari.

Beni, kabla ya saa sita, nilimkuta barazani kwake amelala juu ya mashine ya kushona, mguu ungali kwenye pedali. Mteja wake, mke wa askari, alikuwa amekaa kando akingoja gauni.

“Tika ye,” aliniambia, yaani nimwache. “Iko narudia sasa hivi.”

Alisema hivyo kama vile Masika ameenda dukani. Na kweli, baada ya dakika chache aliamka, akakagua mshono, akatia alama ya chaki pale mkono ulipoendelea kushona upogo wakati yeye hayupo, kabla mguu nao haujalala. Ndipo akanikumbatia. Nilipoanza kumsimulia vituko vya njiani alinizuia mpaka akae kwanza, kwa sababu akicheka magoti yanamwishia nguvu. Mtaa mzima unajua: Masika hachekeshwi akiwa amesimama.

Daktari alimweleza kwamba ana magonjwa mawili katika mwili mmoja. Mchana usingizi unamvamia, usiku unamkimbia. Dawa zinasaidia kidogo; mengine ameyapanga mwenyewe. Aliacha kukaanga mandazi kwa kuogopa mafuta ya moto, akachagua mashine ya miguu, maana mguu ukilala nayo inasimama.

Usiku huo nilishtuka usingizini nikamwona chini ya taa akifumua penye chaki, mshono mmoja mmoja. Nilimwonea fahari mpaka machozi yakanitoka.

“Hapana fikiri ni muzuri,” alisema. “Nachoka sana. Lakini nguo ya mutu haiwezi kutoka hapa mubaya.”

Asubuhi nilimpa ujumbe wa Mama, kwa sauti ndogo. Hakukasirika. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano.

“Kwetu nilikuwa mutu wa kulala,” alisema. “Hapa niko mushonaji mwenye kulala. Unataka unirudishe wapi?”

Niliyaacha yale maneno yangu ya njiani, nikachukua ufagio nikafagia nyuzi alizofumua usiku.

Siku ya tatu nilirudi Butembo peke yangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimetumwa kukihukumu kitanda cha mwenzangu. Hilo ndilo nililojifunza Beni, na nilimwambia Mama hivyo jikoni, pamoja na habari za chaki, za magoti na za yule mteja mvumilivu.

Mama aliacha kumenya viazi.

“Asubui ya masomo nilikuwa namumwangia maji ya baridi,” alisema. “Kila siku. Nilizani ni uvivu.”

Maji yale nilikuwa nikiyachota mimi, na nilikuwa nikicheka.