Isale Lililorudi Nyuma

Studio ninayofanya kazi ipo mjini Moshi, nyuma ya soko, na kazi yetu kubwa ni picha za pasipoti. Mtu anaingia, anakaa kwenye stuli, namwambia, "Dada, inua kidevu, usicheke," na papo hapo anataka kucheka. Kosa ni langu, kwa sababu huwa nacheka kwanza. Bosi wangu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa mjini, na Kichagga cha sokoni anakijua kunishinda. Hunitazama juu ya miwani na kusema, "Wewe binti, hii picha ya serikali, siyo ya harusi."

Saa nane mchana, wateja wakiisha, bosi huchomeka flashi yake nyekundu kwenye kompyuta. Ndani yake kuna filamu fupifupi za Mwingereza mmoja wa zamani, enzi zile picha zilipoanza kutembea. Hazina sauti hata kidogo. Nyingi ni za dakika moja. Mwanamke anaanika mashuka, upepo unakuja unamvisha shuka moja kama gauni. Watoto wanapuliza mapovu ya sabuni. Baba mwenye sharubu kubwa anakunywa supu, anagundua anatazamwa, anajifuta haraka. Halafu giza.

Mara ya kwanza nilimuuliza bosi, "Basi?"

"Basi. Ulitaka nini tena? Amekunywa supu, ameshiba."

Akanieleza kwamba yule Mwingereza alikuwa fundi wa picha za uso, kama sisi. Kila siku inua kidevu, shusha bega. Akachoka. Akabeba mashine mpaka bustanini kwake, akawaita majirani, akawaambia fanyeni mnayoyafanya siku zote. Taa za maana hazikuwepo, lilikuwepo jua tu. "Alikuwa anasubiri jua," bosi alisema, "kama wewe unavyosubiri saa kumi na moja."

Mimi nilizipenda mpaka nikaziota. Kwenye ile ya mashuka kuna mama mwingine, mbali, mlangoni, anaitazama kamera na hajui acheke au anune. Bosi akiwa na mteja, nilikuwa nampungia mkono. Nilijiambia labda siku ile, huko kwao, alihisi kama kuna mtu anamsalimia na hakujua ni nani.

Lakini iliyoniteka kabisa ni ya kijana anayejitupa mtoni. Anaruka, maji yanapasuka, anazama. Halafu filamu inarudi nyuma: maji yanajikusanya, yanafunga mdomo, na kijana anapaa miguu mbele mpaka ukingoni, mkavu kama ametoka kupigwa pasi. Bosi alisema fundi alikuwa anazungusha tu mkono wa mashine kinyume, na watu ukumbini wanapiga mayowe. Nilimwomba airudie mara nne. Ya tano akasema, "Kijana atapata mafua."

Nilizihamishia kwenye simu kwa ajili ya Bibi.

Bibi, mama mzazi wa baba yangu, anakaa Machame, na mimi hupanda kwake kila Jumamosi jioni. Mwaka jana alipata kiharusi. Mguu wa kulia ukawa mzito, mkono nao kidogo, mdomo ukaelekea upande, na maneno yote yakaondoka. Ilibaki "ee" moja, na hiyo moja ndiyo 'ndiyo', ndiyo 'hapana', ndiyo 'leteni chai'. Baba alimnunulia televisheni, akaizima kwa ncha ya mkongojo. Nadhani ilimchosha kuona watu wote wale wanaongea.

Filamu za Mwingereza hakuzizima. Alizitazama simu ikiwa karibu na pua, na ile ya supu ilimchekesha kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Mle ndani hakuna aliyekuwa anaongea. Kila mtu alikuwa kama yeye, anatumia mikono na macho, na mambo yanaenda. Akipenda kurudia, anagonga goti langu. Goti langu lilipata kazi kweli.

Sasa niseme kilichokuwa kinamkaa moyoni, maana familia nzima ilikijua. Bibi ana mdogo wake mmoja, tunayemwita bibi mdogo, aliyeolewa Mwika, upande wa pili wa mlima. Miaka saba iliyopita mama yao alifariki. Siku ya mazishi, gari alilopanda bibi mdogo liliharibika Himo. Alipiga simu, akasema nisubirini. Lakini wingu lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye migomba, mchungaji alikuwa na msiba mwingine, na Bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa, akatoa neno: fukieni. Bibi mdogo alifika akakuta watu wanapiga kaburi mgongo wa jembe. Hakuweka hata konzi moja ya udongo. Akasema mbele za watu, "Mama yangu hakuzikwa, amefichwa." Na Bibi akajibu, "Mvua haimsubiri mtu." Neno hilo ndilo lililowatenganisha. Bibi alipokuwa na ulimi hakutaka kulirudisha, yeye ni mkubwa bwana. Alipotaka, ulimi haukuwepo.

Jumapili moja, baada ya ibada, Bibi aligonga goti langu, lakini nilipowasha filamu akatikisa kichwa. Akaonyesha simu. Akaonyesha masale yaliyopandwa mpakani. Akajigusa kifua, halafu akanyoosha mkongojo upande linakochomoza jua, kule Mwika.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Isale ni jani tu la kijani, refu, lakini ukimkosea mtu ukamnyooshea, unakuwa umeomba msamaha, na aliyenyooshewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama roho inamuuma, atalipokea. Shida ilikuwa safari. Kutoka Machame ushuke Moshi, uende Himo, upande tena Mwika, kwa mguu ule! Nikaona Bibi anataka tumpelekee isale kwa filamu, na moyo wangu ukaruka kama yule kijana wa mtoni, isipokuwa haukurudi.

Tulisubiri jua, kama Mwingereza. Linachelewa kuingia kwenye migomba, na likiingia linakuja kwa vipande, kipande begani, kipande kwenye kahawa. Nilimfunga Bibi kitambaa chake cha Krismasi. Nikasimama kwenye kizingiti na simu, nikasema, "Bibi, njoo." Akachuma jani. Akaja taratibu katikati ya mibuni, mkongojo mkono mmoja, isale mkono mwingine. Kuku akakatiza mbele yake bila hata samahani. Bibi akafika, akanyoosha mkono, na jani likaijaza simu yote, kijani kitupu. Dakika moja na sekunde chache. Nililia kidogo, halafu nikacheka kwa ajili ya kuku.

Kesho yake studio nilikuwa na usingizi mtamu wa mchana, ule wa macho wazi. Simu yangu ina programu ya kukata video, na mle kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Nikasema ngoja. Nikabonyeza. Kijani kikajiondoa usoni mwangu, Bibi akarudi kinyumenyume kwenye mibuni, mzuri kama kivuli, mkono wake ukalirudisha jani kwenye shina na shina likalipokea. Nikawaza, kumbe ungezungusha zaidi na zaidi, Bibi angepata maneno yake. Mvua ingepaa. Wale wanaume wangeufukua udongo kwa majembe na kuuweka pembeni taratibu, na lile gari pale Himo lingewaka.

Nikiwa bado kwenye ndoto hiyo nikamtumia binamu yangu wa Mwika, mjukuu wa bibi mdogo, ili amwonyeshe bibi yake. Video mbili zilikaa pamoja, sura moja kwa nje, kijani kitupu, na sikuangalia nimegusa ipi. Alama zikawa za bluu. Halafu kimya. Jumanne kimya, Jumatano kimya.

Alhamisi simu ikaita. Ilikuwa namba ya binamu, lakini sauti haikuwa yake.

"Wewe ndiye mjukuu wa mapicha?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Isale nimeliona. Limenijia mpaka puani, nikanyoosha na mkono mimi mjinga, halafu likaondoka. Dada yangu amelichukua akaenda kulibandika mtini kwake. Nimezeeka, sijawahi kuona mtu ananyang'anya isale."

"Hapana, bibi, siyo yeye, ni mimi. Hiyo video imegeuzwa."

"Imegeuzwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nacheza tu, bibi."

"Unacheza." Nyuma yake ng'ombe alilia. "Isale ndilo unalochezea."

Akakata. Nikatuma ile ya kweli haraka. Baada ya saa moja binamu akaandika: "Kakataa kuitazama. Anasema isale halionyeshwi, linaletwa. Halafu anasema hilo mlilolirudisha anakuja kulichukua mwenyewe Jumamosi. Jipange aisee."

Bosi nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani. Alipouona uso wangu akaivaa tena. "Yule Mwingereza alikuwa na bahati," alisema. "Waliotazama picha zake hakuna aliyewakosea. Nenda Jumamosi asubuhi. Pasipoti nitapiga mwenyewe." Halafu akaongeza, "Na mimi sichekeshi watu."

Nilimweleza Bibi kila kitu, nikamwonyesha na video yenyewe iliyogeuzwa. Nilitegemea nusu ya kicheko. Alijiona anarudi nyuma na jani lake mpaka mwisho, kisha akaigeuza simu akailaza kifudifudi kwenye mapaja. Hakunigonga goti.

Bibi mdogo alifika saa nne. Alikuja mikono mitupu, na kwetu mtu hatembelei ndugu mikono mitupu. Alisimama penye kizingiti, palepale niliposimama mimi na simu. Binamu yangu alikuwa nyuma yake anaangalia viatu. Nilimkaribisha kiti.

"Sikuja kukaa. Liko wapi?"

Bibi alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage. Aliitambua ile sauti kwa lafudhi yake, maana bibi mdogo amekaa Mwika mpaka Kimachame chake kimepinda. Akainuka. Nilikimbilia kumshika mkono, akaniondoa kwa kiwiko. Akaenda mpakani, akachuma, akageuka. Ni hatua chache, mtoto angezimaliza kwa pumzi moja. Jua lilikuwa linaingia kwa vipande kama siku ile. Hata kuku alikuwepo.

Bibi mdogo alimtazama anavyokuja, taya limekaza. Mimi nilikuwa nahesabu hatua kwa midomo. Katikati ya mibuni mguu wa Bibi ukagoma. Akasimama, mkono ameunyoosha, na umbali uliobaki hauwezi.

"Njoo," bibi mdogo akasema.

"Ee," Bibi akasema.

"Nimesema njoo. Leo usirudi nyuma."

"Ee."

Na hapo bibi mdogo akamtazama vizuri. Nadhani ndipo alipouona ugonjwa. Alikuwa ameambiwa kiharusi, lakini kuambiwa siyo kuuona mdomo wa dada yako ulivyolala. Akasema polepole, "Mama yangu wee, umezeeka hivi," akaingia mwenyewe kwenye mibuni, akalipokea jani kwa mikono miwili. Wakasimama pale wameshikana, mmoja anasema maneno yote aliyoyahifadhi miaka saba, mengine makali kweli, na mwingine anajibu ee, ee, ee, na sijawahi kusikia mazungumzo yaliyoelewana kama yale.

Tulidhani sasa atakaa, tulete chai. Hakukaa. Alimshika Bibi kwapa, wakapita njia ya nyuma, wakavuka vihamba viwili vya migomba, mpaka nyumbani walikozaliwa, kwenye kaburi la mama yao. Tuliwafuata nyuma. Kaburi halikujengewa, limepandwa maua tu. Bibi mdogo akapiga magoti, akaipasua ardhi pembeni kwa vidole, akachota udongo, mweusi, wenye unyevu. Akaushika muda mrefu. Bibi akaegemea mkongojo na mkono wake wa kushoto, na huo wa kulia, ule mzito, akausogeza kidogokidogo mpaka ukatua juu ya mgongo wa mdogo wake.

"Wewe mwenye mapicha," bibi mdogo aliniita bila kugeuka.

"Abee, bibi."

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Piga hii. Wanangu hawakuniona namzika mama yangu. Piga, lakini ukiirudisha nyuma nitakuchapa na hili isale, na mimi sitaniwi."

Nikatoa simu. Nikaishikilia kwa mikono yote miwili. Kipande cha jua kilikuwa kimewaangukia begani, na nyuma ya migomba wingu lilikuwa linapanda.

"Ngoja kidogo, bibi," nikasema. "Sogea hapa, jua lisikukimbie. Haya. Sasa."

Akafungua mkono.