Manyoya ya Kuro

Harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi hunichosha. Nikikutana nayo sokoni hupita haraka, wauzaji wakadhani naringa.

Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, na pale Ipogolo watu walimwita Bwana Nyama. Alikaa porini wiki mbili tatu akisaka majangili, kisha akarudi amekonda, visigino vimepasuka, hana hamu ya maneno. Mchezo wetu ulikuwa mmoja tu. Alikuwa na kiberiti alimohifadhi manyoya ya wanyama. Anachomoa machache, nami nataja ni ya nani. Nikipatia, ananiita Afande. Nilikuwa na miaka minane, na nilivimba kichwa kwelikweli.

Mchana mmoja alirudi, akavua mabuti, akakaa kula na wageni wawili. Mmoja alikuwa Mjomba, kaka yake Mama, aliyetoka Usangu na furushi la nyama kavu, akasema ni ya ng'ombe. Wa pili alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye chakula cha kwetu hakikumpita hata siku moja. Mimi nilisimama na birika la kunawia. Ndipo nikaona bakulini kipande chenye ngozi, na kwenye ngozi manyoya marefu, magumu.

"Baba, hii siyo ng'ombe," nikasema. "Ni kuro!"

Nikangoja kuitwa Afande kwa kumtambua swala yule mkubwa wa porini. Balozi aliacha kutafuna, akamtazama Baba. Baba akanawa mikono, akavaa tena mabuti, akafunga kamba polepole.

"Shemeji, twende kituoni."

"Aa, shemeji! Si tunakula wote?"

"Twende tu. Nimechoka."

Mjomba alifungwa mwaka mzima. Mama aliendelea kumpikia Baba, ila hakukaa naye tena nje kuota jua. Nami nilimchukia Baba kwa miaka, nikimwona mtu asiye na huruma hata kwa shemeji yake.

Nilikuwa na watoto wangu nilipokumbuka kwamba siku ile, kabla sijafungua mdomo, Baba alikuwa ameshameza matonge matatu kwa nyama ile. Mtu aliyemtambua kuro kwa alama ya kwato ya juzi asingeshindwa kumtambua mdomoni. Alijua, akanyamaza, akaendelea kula na shemeji yake. Alitaka apumzike mlo mmoja tu. Mimi ndiye niliyemrudisha kazini.